Nambari 2,147,483,647 imo simuni mwako, na kuna asubuhi itakutafuta

Shangazi yako amekupigia simu asubuhi ya Januari mosi. Anajua Njaanuari imeanza na mfuko wako umekauka, kwa hivyo anakupa ofa mbili, uchague moja. Ya kwanza, akutumie Sh100,000 sasa hivi mmalizane. Ya pili, akutumie shilingi moja leo, mbili kesho, nne keshokutwa, nane siku inayofuata, na aendelee kuongeza maradufu kila siku hadi Januari 31.

Utachagua gani?

Wengi wetu tungechukua hiyo laki na kukata simu kabla hajabadilisha nia. Laki ni laki, bwana. Shilingi moja utaifanyia nini?

Sasa toa simu, fungua kikokotoo, tupige hesabu pamoja. Kufikia siku ya 10 umepokea jumla ya Sh1,023. Hiyo pengine haitoshi hata nauli ya kwenda ushago. Siku ya 15 uko na Sh32,767, na unaanza kutabasamu. Siku ya 17 umeipita laki: Sh131,071. Siku ya 20 wewe ni milionea, Sh1,048,575. Siku ya 25 umepita milioni 33. Na Januari 31, ukijumlisha kila kitu alichokutumia tangu ile shilingi ya kwanza, unapata Sh2,147,483,647 kamili. Haizidi wala haipungui.

Isome polepole: bilioni mbili, milioni mia moja arubaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arubaini na saba.

Ishike vizuri nambari hiyo. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kipofu aliichunguza zaidi ya miaka 250 iliyopita. Mwingine akasema haina faida. Leo imejificha ndani ya michezo unayocheza na mitambo unayotumia, na ina miadi na sisi sote mwaka wa 2038.

Mara mbili, mara mbili

Tuanze na siri ya hesabu ya shangazi. Siku ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 4. Jumla ni 7. Siku ya nne atatuma 8. Umeona? Jumla ya pesa ulizopokea siku zote ni pungufu kwa shilingi moja tu kuliko zile atakazotuma kesho. Kwa hivyo huhitaji kujumlisha siku moja moja. Zidisha 2 kwa 2 mara 31, yaani 2 kwa kipeo cha 31, utapata 2,147,483,648. Ondoa moja. Basi, umemaliza.

Siri hiyo hiyo ndiyo inayowaliza vijana kila mara mradi mpya wa "leta wawili, nao walete wawili" unapoingia kwenye kundi la WhatsApp. Weka watu mahali pa shilingi. Mwanzilishi ni mmoja, chini yake wawili, halafu wanne, wanane. Kufikia ngazi ya 26 unahitaji watu 67,108,863. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Yaani watu wa nchi nzima wamekwisha, pamoja na nyanya yako na mtoto aliyezaliwa jana, na ngazi ya 26 haijajaa. Ngazi ya 33 inahitaji watu zaidi ya bilioni 8.5, na dunia haina watu hao.

Na kuna jambo baya zaidi. Kumbuka kwamba kila ngazi ina watu wengi kuliko ngazi zote za juu yake zikijumlishwa. Maana yake ni kwamba siku mradi unapokwama, na lazima ukwame, zaidi ya nusu ya waliotoa pesa wako mwisho wa mnyororo. Hao hawana mtu chini yao wa kuwalipa. Hakuna haja ya kubishana na rafiki anayekushawishi ujiunge. Muulize tu: sisi tuko ngazi ya ngapi?

Siku nane katika mwezi

Turudi kwa shangazi. Wanahisabati wanaipenda Sh2,147,483,647 kwa sababu nyingine kabisa: ni nambari tasa.

Unakumbuka darasani? Nambari tasa ni ile isiyogawanyika sawasawa na nambari yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. 7 ni tasa. 15 si tasa, kwa sababu 3 mara 5 ni 15. Ukiwa na Sh7 huwezi kuzigawa kwa mbogi ya watu wawili, watatu, wanne, watano wala sita bila shilingi kubaki.

Sasa angalia jumla ya shangazi kila siku na uulize kama ni tasa. Siku ya 2 ni 3, tasa. Siku ya 3 ni 7, tasa. Siku ya 4 ni 15, si tasa. Siku ya 5 ni 31, tasa. Siku ya 6 ni 63, si tasa. Siku ya 7 ni 127, tasa. Unaanza kuona mpangilio: kama tarehe yenyewe si tasa, jumla ya siku hiyo nayo haiwezi kuwa tasa.

Je, kama tarehe ni tasa, jumla lazima iwe tasa? Hapo ndipo mtego ulipo. Tarehe 11 jumla ni 2,047. Inaonekana safi, lakini 23 mara 89 ni 2,047. Tarehe 23 pia inaanguka, na tarehe 29 vilevile. Ukimaliza mwezi mzima utapata siku nane tu ambazo jumla yake ni tasa: tarehe 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19 na 31. Ya mwisho ndiyo yetu. Ukikosa hiyo, itabidi umwombe shangazi aendelee kutuma hadi siku ya 61 ndipo upate nyingine.

Nambari tasa za ukoo huu huitwa nambari za Mersenne, kwa heshima ya Marin Mersenne, mtawa Mfaransa ambaye mwaka wa 1644 alichapisha orodha ya vipeo alivyoamini vinazaa nambari tasa. 31 alimpata sawa. Lakini alisema pia 67 na 257, na hapo alikosea. Akaruka 61, 89 na 107, ambazo zilifaa kuwemo. Usimcheke. Jaribu wewe kukagua nambari ya tarakimu 20 kwa kalamu na karatasi.

Mzee aliyehesabu bila kuona

Aliyethibitisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa ni Leonhard Euler, mzaliwa wa mji wa Basel, Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi. Mwaka ulikuwa 1772. Euler alikuwa na miaka 60 na ushei na macho yake yalikuwa karibu yamezimika kabisa. Kazi nyingi aliifanya kichwani huku wasaidizi wakimwandikia.

Fikiria mzigo wenyewe. Kujua kama nambari hii ni tasa, lazima ujaribu kuigawa. Huhitaji kujaribu zote hadi bilioni mbili, kwa sababu kama inagawanyika vipande viwili, kimoja kati ya hivyo hakiwezi kuzidi 46,340. Lakini hata chini ya 46,340 kuna nambari tasa zaidi ya 4,700 za kujaribu. Kugawa mara 4,700, kila mara nambari ya tarakimu kumi, bila kikokotoo. Noma.

Euler alitumia njia ya mkato. Rudi kwa tarehe 11: vigawo vya 2,047 ni 23 na 89. Gawa kila kimoja kwa 22, yaani 11 mara mbili. 23 inabakisha 1. 89 nayo inabakisha 1. Hiyo si bahati. Ni kanuni: kigawo chochote tasa cha jumla ya tarehe tasa, ukiacha tarehe 2, lazima kibakishe 1 ukikigawa kwa tarehe hiyo mara mbili. Kwa tarehe 31, lazima kibakishe 1 ukikigawa kwa 62. Kanuni ya pili inasema kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakishe 1 au 7. Ukichuja kwa kanuni hizo mbili, nambari za kujaribu zinabaki zisizozidi 372.

Zote zikakataa kugawa. Euler akajua ana nambari tasa mkononi, na ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani. Rekodi hiyo ilidumu kwa miaka mingi.

Leo rekodi iko mbali sana, lakini iko katika ukoo ule ule. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Mmarekani Luke Durant, akitumia kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa intaneti, amepata nambari tasa ya 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukiondoa moja. Ina tarakimu 41,024,320. Kwa hesabu ya shangazi, angehitaji kukutumia pesa kila siku kwa zaidi ya miaka 373,000.

"Hizi haziwezi kumfaa mtu"

Kuna zawadi nyingine ndani ya nambari hii. Chukua 6. Nambari zinazoigawa, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2 na 3. Zijumlishe: 6. Chukua 28. Zinazoigawa ni 1, 2, 4, 7 na 14. Jumla: 28. Nambari za aina hii huitwa kamilifu, na ni adimu.

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Mgiriki Euclid alieleza jinsi ya kuzitengeneza. Kwa lugha yetu: ngoja siku ambayo jumla ya shangazi ni tasa, kisha zidisha jumla hiyo kwa pesa alizotuma siku hiyo. Siku ya 2 alituma 2 na jumla ni 3: 2 mara 3 ni 6. Siku ya 3 alituma 4 na jumla ni 7: 4 mara 7 ni 28. Siku ya 31 atatuma Sh1,073,741,824. Zidisha kwa 2,147,483,647 na unapata 2,305,843,008,139,952,128, nambari kamilifu ya nane.

Mwaka wa 1811 mwanahisabati Mwingereza Peter Barlow aliitaja nambari hiyo kamilifu katika kitabu chake. Maoni yake, kwa ufupi, yalikuwa kwamba hiyo ndiyo kubwa zaidi itakayowahi kugunduliwa. Sababu? Mambo haya ni ya kustaajabisha tu, hayana faida, kwa hivyo nani atajisumbua kutafuta nyingine?

Alikosea mara mbili. Mwaka wa 1883 kasisi wa Urusi, Ivan Pervushin, alithibitisha kwamba jumla ya siku ya 61 ni tasa, na nambari kamilifu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo ikapatikana. Na kuhusu faida, Barlow hangeweza kujua kwamba siku moja mashine zitakuja zinazohesabu kwa mbili mbili kama shangazi yako, na kwamba 2,147,483,647 itakuwa ukuta ndani ya mashine hizo.

Swichi 32

Ndani kabisa, kompyuta haijui 1 hadi 9. Inajua swichi: imewashwa au imezimwa. Kila swichi huitwa biti. Panga swichi kwa mstari na uzipe thamani za shangazi: ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8. Ukitaka kuandika 5, unawasha swichi ya 1 na ya 4. Ukitaka 7, unawasha zote tatu za mwanzo.

Kwa miaka mingi kompyuta zilitengewa swichi 32 kwa kila nambari ya kawaida. Swichi moja kati ya hizo ilitengwa kuonyesha kama nambari ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Ukiziwasha zote 31 kwa pamoja unapata jumla ya Januari nzima: 2,147,483,647. Hapo ndipo mwisho. Hakuna nafasi tena.

Ukiongeza moja? Unajua mita ya gari kuukuu ikifika 999,999 inavyorudi sufuri. Hapa ni mbaya zaidi. Swichi zote 31 zinazimika na ile ya alama inawaka. Kompyuta inasoma hasi 2,147,483,648. Kutoka kilele hadi shimoni kwa hatua moja.

Ndiyo maana katika mchezo wa GTA V, ukicheza hadithi yake peke yako, pesa za mhusika wako hukoma 2,147,483,647. Ndiyo maana pia, Desemba 2014, YouTube ilitangaza kwamba video ya "Gangnam Style" ya PSY wa Korea Kusini imetazamwa mara nyingi kupita kikomo hicho, na kwamba sasa hesabu inatumia swichi 64. Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807. Hata ukiweka video yako ikachezwa bila kupumzika, hutafika huko.

Hayo ni ya kuchekesha. Mengine si ya kuchekesha.

Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka French Guiana ikiwa na setilaiti nne. Sekunde kama 40 baadaye ililipuka angani. Programu ya kuiongoza ilikuwa imejaribu kuweka nambari kubwa kwenye nafasi ya swichi 16, ambayo kikomo chake ni 32,767. Unakikumbuka kiasi hicho? Ni jumla ya shangazi siku ya 15. Bahati nzuri hakukuwa na mtu ndani.

Mwaka wa 2015, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba umeme wa ndege za Boeing 787 uwe unazimwa na kuwashwa upya kabla haujakaa siku 248 mfululizo. Hesabu fulani kwenye vifaa vya kudhibiti jenereta ingejaa, na ndege ingeweza kupoteza umeme hata ikiwa angani. Kwa nini siku 248? Gawa kila sekunde vipande mia, kisha vihesabu hadi 2,147,483,647. Utatumia siku 248 na saa 13 hivi. Hizo ndizo Dreamliner, aina ile ile ambayo Kenya Airways hutumia kwa safari za mbali.

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne

Sasa tufike kwenye miadi yetu.

Kompyuta nyingi hazihifadhi tarehe kama wewe unavyoiandika. Zinahesabu sekunde tu, kuanzia Januari 1, 1970, saa sita za usiku kwa saa za dunia. Hapa Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Kila tarehe unayoiona, ya ujumbe, ya picha, ya muamala, mara nyingi chini yake kuna idadi ya sekunde tangu usiku huo.

Mifumo ya zamani iliweka sekunde hizo kwenye swichi 32. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku 18 na saa kadhaa. Jumlisha na 1970, unapata Jumanne, Januari 19, 2038. Kwa saa za Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Watu watakuwa kwenye foleni za matatu, chai ikichemka, watoto wakivalishwa sare za shule.

Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaruka kutoka kilele hadi shimoni. Kitaamini ni usiku wa Ijumaa, Desemba 13, 1901. Wakati huo Nairobi ilikuwa na umri wa miaka miwili tu kama kituo cha reli, na reli yenyewe ilikuwa imebakisha siku chache kufika Kisumu.

Kifaa kinachoamini ni 1901 kitafanya nini? Kinaweza kukataa nywila yako kwa kuwa "haijaanza kutumika". Kinaweza kuona cheti cha usalama cha tovuti ni cha kutoka siku za usoni na kukufungia nje. Kinaweza kuhesabu muda wa mkopo na kukuta miaka 136 ambayo haipo.

Usiogope kupita kiasi. Simu na kompyuta nyingi za sasa ni za swichi 64, na kwa hesabu ya sekunde hizo zina nafasi ya miaka kama bilioni 292. Mwaka wa 2020 mfumo wa Linux nao, katika toleo la 5.6, ulifungua njia kwa hata kompyuta za swichi 32 kuvuka 2038. Tatizo liko kwenye vitu ambavyo hakuna anayevifikiria: kifaa kidogo kilichofungwa ukutani miaka mingi iliyopita, na programu iliyoandikwa haraka haraka na mtu ambaye tayari amehama kazi.

Wewe unaingilia wapi?

Kama unajifunza kuandika programu, iwe ni chuoni au kwa video usiku kejani, hili ni lako moja kwa moja. Hifadhidata ya MySQL, inayotumiwa sana na wanaoanza, ina aina ya safu iitwayo TIMESTAMP. Kikomo chake ni sekunde ile ile ya Januari 19, 2038. Kama mfumo wako unahifadhi tarehe ambayo mkopo utaisha au pensheni itaanza, usingoje 2038. Mkopo wa miaka 20 ambao mteja anachukua leo tayari umeuvuka ukuta. Tumia DATETIME au nafasi ya swichi 64, kisha jaribu mfumo wako kwa tarehe ya Januari 20, 2038 uone kama unasimama.

Angalia pia pesa. Waunda programu wengi huhifadhi pesa kwa senti ili kuepuka desimali, na ni tabia nzuri. Lakini ukiziweka senti kwenye swichi 32, kikomo chako ni Sh21,474,836.47. Kwa kibanda cha chipsi, sawa. Kwa sacco ya matatu yenye wanachama mia kadhaa, hicho si kiasi cha ajabu. Mwanachama mmoja aweke senti moja zaidi, na akiba ya milioni 21 inageuka kuwa deni la milioni 21 kwenye skrini. Nani atamweleza mwenyekiti?

Kama huandiki programu, bado una la kufanya. Ukichukua mkopo mrefu au bima inayoisha baada ya 2038, soma tarehe iliyochapwa kwenye karatasi. Ukiona 1901 au 1970 mahali popote, usicheke na kupita. Waonyeshe, na ubaki na nakala yako. Kama unaendesha biashara yenye kamera, mashine ya risiti au kifaa chochote kinachoweka tarehe, muulize aliyekuuzia kama kitafanya kazi baada ya Januari 2038. Asipojua, hilo nalo ni jibu.

Na kama uko shule na umewahi kuuliza nambari tasa zitakusaidia nini maishani, Peter Barlow aliuliza karibu hivyo hivyo akiwa mtaalamu wa hisabati.

Kama ulizaliwa mwaka wa 2008, asubuhi hiyo ya Jumanne utakuwa unakaribia au umefika miaka 30. Pengine wewe ndiye utakuwa umeachiwa funguo za mfumo wa hospitali ya kaunti, sacco au shule fulani. Huenda asubuhi hiyo isitokee kitu, watu wapande matatu zao waende kazini, na waseme hayo yalikuwa maneno tu. Wewe utakuwa unajua ni nani aliyekesha wiki iliyotangulia akikagua safu moja moja.

Halafu mpigie shangazi simu. Mwambie umechagua ile ofa ya shilingi moja.